Je, shirika dogo la sola huajiri wahandisi tu?

Dada, umeuliza kama bila digrii ya uhandisi utapata nafasi kwenye shirika dogo la umeme wa jua. Utapata. Angalia chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 pale Tilonia, Rajasthan, India. Mafundi sola wanaofunzwa hapo wengi ni kina mama wa vijijini, baadhi yao bibi kabisa, ambao hawakumaliza hata shule ya msingi. Wageni kutoka Afrika walifundishwa huko kwa miezi 6 bila lugha ya pamoja: waya na vipande vya saketi vilitambulishwa kwa rangi, mengine kwa ishara za mikono. Na mama anatoka pale anajua kulehemu, kufunga paneli na kutengeneza taa iliyokufa.

Zanzibar nao wana kituo cha Barefoot, Kinyasini, Unguja. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, maana mwanamke hutumwa na kijiji chake, kisha anarudi kuwa fundi wa majirani zake.

Ila mashirika haya yanahitaji pia mhasibu, mtunza stoo, dereva, na mtu wa kukaa na wanakijiji kukubaliana mchango wa matengenezo. Wewe umesema umesomea uhasibu. Omba.