Kabla ya Das Kapital, leteni slipu ya mshahara

Msomaji wa Mabibo ameniandikia kwamba kundi lao la kusoma ujamaa lilianza na watu ishirini, wakafungua Das Kapital, kitabu cha Karl Marx kuhusu ubepari, ukurasa wa kwanza. Wiki ya tatu wamebaki wanne. Anauliza wamekosea wapi.

Hapo hapo pa kwanza, ndugu. Marx mwenyewe alionya katika dibaji ya 1867 kwamba sura ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Iacheni kwanza. Nendeni sura ya 10 ya toleo la Kiingereza, inayohusu siku ya kazi, na kabla ya hapo kila aliyeajiriwa alete slipu yake ya mshahara.

Chukueni mshahara wa msingi wa mwezi, mgawanye kwa saa za wiki mara 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi mmoja. Mtu wa shilingi 390,000 kwa saa 45 za wiki anapata kama 2,000 kwa saa. Sheria ya ajira ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, yaani 3,000, na zisizidi 50 katika wiki nne. Wengi hupiga hesabu kwa mshahara uliokwisha kukatwa, wakajipunja wenyewe. Hesabu ikikaa sawa, sura ya 10 inasomeka kama barua ya nyumbani.

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha, kurasa kumi kwa kikao. Mmoja asome kwa sauti. Mwingine aeleze aya hiyo bila kutaja "tabaka" wala "ubeberu". Msomi wa chuo apewe dakika tano. Akipewa arobaini, mama lishe atanyamaza, na wiki ijayo utasikia ana msiba.

Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, lisomwe pamoja na Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, hasa ibara ya 15, inayokataza kiongozi kuwa na majivuno na uonevu. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo mkononi wakagoma. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar, walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye mali wakaendelea kuzalisha. Kaeni na swali hili kikao kizima: kwa nini serikali ya chama kilichoandika maneno hayo iliwageuka wagomaji wengi wa miaka hiyo?

Muhtasari uwe ukurasa mmoja: saa ngapi za nani hazikulipwa, na nani anakwenda kumwona katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi Jumatatu. Kikao kijacho aanze huyo kutoa ripoti, ndipo kitabu kifunguliwe.