Dar es Salaam hadi Kigali kwa ndege: hesabu saa, kisha kilomita

Ukitafuta umbali wa kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Kanombe, Kigali, utapata takribani kilomita 1,140. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni ya mstari ulionyooka, na peke yake haimwambii msafiri atafika lini. Mimi huzigawa kilomita hizo kwa 800, ambao ndio mwendo wa kawaida wa ndege ya jeti kwa saa ikiwa angani, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya kuruka, kushuka na kusogea uwanjani; hapo napata karibu saa mbili. Ndege ya pangaboi, ambayo huenda kilomita 500 hivi kwa saa, itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo ulizia aina ya ndege kabla hujalipa.

Jambo linalowaponza wengi, nami likiwa limenigharimu fedha, ni saa za mahali. Saa ya kuondoka inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mji unakotoka, na ya kufika ni ya mji uendako, na Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ndiyo maana ndege inayoondoka Dar es Salaam saa tatu kamili asubuhi huandikwa kuwa inafika Kigali kabla ya saa nne, utadhani unakwenda Dodoma, ilhali safari ya kurudi huonekana kama ya saa tatu nzima.

Miaka michache iliyopita nilikuwa narudi kutoka Kigali, nikiwa na tiketi nyingine, niliyoinunua kando, ya kuunganisha hadi Mtwara siku hiyohiyo. Nilipiga hesabu kwa saa ya mkononi, niliyokuwa nimeirudisha nyuma nilipofika Rwanda, nikaona nitakuwa na saa mbili na nusu za kubadilisha ndege. Nikiwa nasubiri begi nilitazama mkono, ukaniambia saa sita na dakika ishirini. Nilipoinua macho, saa ya ukutani ilisema 13:20, yaani saa saba na dakika ishirini. Hadi nilipomaliza forodha na kufika jengo la ndege za ndani, dirisha la kupokea abiria wa Mtwara lilikuwa limefungwa, na kwa kuwa tiketi zile zilikuwa mbili tofauti, nililazimika kununua nyingine.

Tangu siku hiyo, ninapounganisha safari huandika saa zote kwenye karatasi kwa saa za Tanzania kabla sijalipa, na nikilazimika kununua tiketi mbili huacha saa nne kati ya ndege na ndege.

Kuhusu kupitia Nairobi, ambako bei wakati mwingine huwa nafuu, tofauti ya umbali si kubwa: ni kama kilomita 670 kutoka Dar es Salaam, kisha 760 hivi hadi Kigali, yaani nyongeza isiyofika kilomita 300. Kinachokula siku ni kusubiri. Nimewahi kukaa Nairobi saa tano kwa ajili ya punguzo ambalo chakula cha uwanjani kilikaribia kulimaliza. Kwa hiyo linganisha saa ya kutoka nyumbani na saa ya kufika mlangoni kwa mwenyeji wako, zote kwa saa za mji mmoja, kisha ndipo utazame bei.