Sukuma Wiki Kwenye Ploti ya Mtu

SWALI: Wakili, habari ya kazi. Mimi ni mama mboga hapa Kayole. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna ploti iliyokuwa kichaka na jaa la takataka. Mlinzi wa hapo alinikubalia nilime sukuma na kunde, nami nikawa namtumia shilingi 1,000 kwa M-Pesa kila mwezi. Juzi akaja mwanamume akisema ploti ni yake, akanipa siku mbili niondoke. Sikuondoka, mboga zilikuwa hazijakomaa. Askari wakanichukua, nikalala kituoni, na sasa natakiwa korti ya Makadara. Jirani ananiambia nikubali kosa, nilipe mia tano, yaishe. Nifanye hivyo?
– Mama Mboga, Kayole

JIBU: Usikubali haraka, mama.

Jirani yako hajakosea hesabu. Kuingia au kulima kwenye ardhi ya mtu binafsi bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 3 cha Sheria ya Uingiaji, Sura ya 294. Adhabu yake haizidi faini ya shilingi 500 au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Hiyo mia tano haitoshi hata gunia la viazi pale soko la Wakulima, na ndiyo maana watu wengi husimama kizimbani wakasema "ni kweli" ili wawahi matatu. Wanachosahau ni kwamba wametoka na rekodi ya jinai. Leo unauza mboga. Kesho ukipata kazi ya nyumba Qatar utadaiwa cheti cha maadili mema, na hapo ndipo mia tano itakapokugharimu.

Tena una la kujitetea. Kwa kawaida upande wa mashtaka ndio hubeba mzigo wote wa kuthibitisha. Kosa hili lina upekee wake: wao wakishaonyesha kwamba ardhi ni ya binafsi na wewe ulikuwa ndani, ni juu yako kuthibitisha kwamba ulikuwa na idhini au sababu ya maana. Sasa tazama simu yako. Zile jumbe za M-Pesa zina jina la mlinzi, tarehe na kiasi. Zichapishe. Mtafute mlinzi mwenyewe, na majirani waliokuona ukilima mchana kweupe. Mlalamishi naye aulizwe hati yake ya umiliki; Nairobi hii, anayepiga kelele zaidi kwenye ploti si lazima awe ndiye mwenyewe.

Udhaifu wako ni zile siku mbili. Akiwa ndiye mwenye ardhi kweli, idhini ya mlinzi haikusaidii sana baada ya yeye kukwambia utoke. Kwa hiyo usirudi huko kulima, na usithubutu kugombana naye langoni. Kushikilia ardhi ya mwenye haki kwa namna inayoweza kuzua vurugu ni kosa jingine, chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka miwili. Kumvunjia ua au lango kwa makusudi ni hadi miaka mitano.

Atatokea mjuaji sokoni akwambie ukae miaka 12 ardhi iwe yako. Mwambie aendelee kupima nyanya. Aliyeingia kwa ruhusa na kulipa kila mwezi hapati ardhi kwa njia hiyo.

Kuhusu kulala kituoni: polisi wana saa 24 za kukufikisha kortini, na hawatozi ada ya dhamana; ukiweka pesa taslimu kama dhamana, dai risiti. Na kwa kuwa kosa hili halizidi kifungo cha miezi sita, Ibara ya 49 ya Katiba inakataza kukupeleka rumande. Ukisikia hakimu anataka kukupeleka, inua mkono umkumbushe kwa adabu.

Ningekuwa wewe, ningekana mashtaka, kisha nimwendee mlalamishi nikiwa na mzee wa mtaa: anipe wiki chache nivune, niondoke, naye aondoe malalamiko. Hakimu akiridhika na sababu zake, anaruhusu na wewe unaachiliwa. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi, na pesa yoyote isipitie kwa askari.

Huna pesa za wakili? Ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kabla ya siku ya kesi. Na simu hiyo usiiuze.