Akikufokea bosi wa Uingereza, utajuaje?

Mdogo wangu, umeniuliza swali ambalo wengi wanaokuja huku hawaulizi: bosi wa Uingereza akikasirika anasemaje? Nakujibu bila kukuficha, maana unakuja kusoma, na zile saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa kufanya kazi wakati wa muhula utazifanya chini ya msimamizi wa huku.

Umekulia Mwaloni, Kirumba. Unajua mtu anavyopewa makavu: dagaa wameloa mvua, mwenye mzigo anawaka, soko zima linasikia, jioni mnakula pamoja. Huku mara nyingi sauti haipandi. Ukali umo ndani ya msemo, na usipoujua msemo utatabasamu wakati unakaripiwa.

"Telling-off" ni kukaripiwa kwa kawaida, hata mtoto wa chekechea anakaripiwa hivyo. "Dressing-down" ni kusemwa vikali na mkubwa wako. "Bollocking" ndiyo kufokewa kwenyewe, ila neno lina ukakasi wa tusi. Lielewe, usilitamke mbele ya mwalimu. "Tear a strip off", yaani kumchana mtu kwa maneno, hautakusumbua, kwani hata sisi tunasema fulani kachanwa. Na wa "hairdryer" muulize shabiki yeyote wa Manchester United hapo Mwanza: Sir Alex Ferguson alikuwa akimfokea mchezaji usoni kabisa, hadi anahisi draya ya saluni inampulizia.

Unaonipa wasiwasi ni "read the riot act". Hiyo "Riot Act", yaani Sheria ya Fujo, ilikuwa sheria kweli, ilianza kutumika 1715. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa aliwasomea kwa sauti tangazo la kuwaamuru watawanyike kwa jina la mfalme. Saa moja ikipita bado wapo, adhabu ilikuwa kifo. Sheria ilifutwa zamani, msemo ukabaki. Kwa hiyo ukisikia meneja amewasomea hiyo watu wa zamu ya usiku, hata kama anasimulia huku anakunywa chai, elewa kwamba subira yake imekwisha.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya misemo. Kwetu mkubwa akikusema unainamisha macho na kunyamaza, na hiyo ni adabu. Huku wengi wataona hujali, au unaficha kitu. Nimeona vijana wetu, wachapakazi wazuri, wakiitwa jeuri kwa sababu ya heshima waliyofundishwa nyumbani. Mtazame anayekusema, mwambie umeelewa, mwambie utakachorekebisha. Inatosha.

Kufokewa kunapita. Barua ndiyo ya kuogopa. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu kinachoweza kukupa onyo rasmi, sheria ya 1999 inakupa haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Itumie. Usiingie peke yako ukitegemea utaomba radhi yaishe, kama unavyofanya kwa mama mkubwa.

Na mtu akikufokea huku akitaja rangi yako au utokako, hapo hatuzungumzii misemo tena. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo, siku hiyohiyo kabla hujalala. Kisha nipigie, hata kama ni usiku wa manane.