Leza ya tumbo baada ya hedhi kukoma: nililipia vikao 12

Dada uliyeuliza kama leza isiyo na sindano inaondoa tumbo la baada ya hedhi kukoma, mimi nimeifanya nikiwa na miaka 53. Vikao 12 kwa wiki 6, elfu 40 kila kimoja. Piga hesabu mwenyewe.

Haiumi. Unalala, unavishwa miwani ya kukinga macho, halafu wanakugusisha kitu kama kalamu yenye mwanga palepale wanapochoma sindano za Kichina: kuzunguka kitovu, chini ya goti, sikioni. Husikii hata joto. Siku ya kwanza niliuliza kama mashine imewashwa, yule binti akacheka.

Mwishoni mzani ulishuka kilo 2 tu, ila kiuno kilipungua sentimita 5. Sasa sikiliza: walinipa daftari la kuandika kila ninachokula, na aibu ya kuandika "maandazi 4" ilinifanya niyaache, pamoja na wali wa usiku. Halafu pale kwao daladala hazifiki, ni dakika 25 kwa miguu kwenda na 25 kurudi. Kazi ya leza ni ipi na ya miguu ni ipi, siwezi kukuapia.

Utafiti walionionyesha, wa Chuo Kikuu cha Cairo, 2015, ulihusu wanawake 28 wanene waliokwisha koma hedhi. Wote waliwekewa mpango wa chakula na mazoezi. Kundi moja likaongezewa leza mara 3 kwa wiki, wiki 12. Ni kweli waliopata leza kiuno kilipungua zaidi. Lakini hakuna aliyepigwa leza huku anakula kama zamani! Nilipolisema hilo mapokezi, walinuna.

Walitaka pia kuniuzia chai ya "kukata mafuta". Kuinusa tu, sanamaki. Utaharisha, mafuta yatabaki.

Kabla hujatoa hela kapime sukari, presha na tezi ya shingo. Homoni ya estrojeni ikipungua mafuta huhamia tumboni, hilo linatupata wengi, lakini kilo 13 ndani ya mwaka kama ulivyosema, huenda tezi imezembea. Na ile damu uliyoigusia kwa mstari mmoja, kwamba imetoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Usiisubirishe, mdogo wangu. Nenda kwa daktari wa wanawake wiki hiihii, leza utaiulizia ukirudi.