Kuunganisha matoleo ya kitabu kimoja kwenye katalogi: wape wenzako kanuni

Mkuu, umeuliza kama katalogi ya chuo chenu huko Lindi inaweza kukusanya pamoja matoleo yote ya kitabu kimoja, na kama ukishaandika programu uwape maktaba nyingine. Mimi ni mkutubi hapa Mtwara, kazi hiyo naifanya kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Wape, tena mapema.

Msingi wenyewe uko wazi. IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ilitoa mfumo wa FRBR mwaka 1998, ikatenganisha kazi ya mtunzi, matini yake (tafsiri, kwa mfano), toleo lililochapwa na nakala iliyo rafuni. OCLC, shirika la maktaba la Marekani, nao walichapisha algoriti yao: chukua mwandishi na kichwa cha kitabu, geuza herufi kubwa ziwe ndogo, ondoa alama, upate ufunguo. Rekodi zenye ufunguo mmoja ni kundi moja.

Kwetu ufunguo huo unakwama mapema. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, mwaka 1963, akaisahihisha 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tahajia imebadilika, na ISBN haisaidii, vitabu vya wakati ule havina. Panatakiwa kichwa sanifu, uga 240 wa MARC (muundo wa kuandikia rekodi za maktaba), ambao rekodi nyingi ninazokutana nazo wameuacha mtupu. Majina nayo: huyu kaandika "Robert, Shaaban", yule "Shaaban Robert". Mimi napanga maneno ya jina kialfabeti kwanza, yanalingana.

Kinachoniuma hasa ni miongozo ya fasihi. Inabeba kichwa cha tamthilia, pengine hata jina la mtunzi, na programu inaiingiza kundini. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaomba tamthilia, anapewa mwongozo! Heri makundi mawili yaliyoachana kuliko moja la uongo. Rekodi yenye neno "mwongozo" naiweka kando, naikagua mwenyewe.

Ndiyo maana usitugawie makundi yaliyokamilika peke yake. Tupe kanuni na jedwali la vighairi, nami niongeze ambavyo hujakutana navyo. Vitabu vya sala na nyimbo vya misheni, kama vya Ndanda, mara nyingi havitaji mwandishi. Ufunguo unabaki kichwa tu, na cha dhehebu jingine kinaingia humo humo.

Jedwali hilo liweke kwenye faili la maandishi ya kawaida, kila kighairi na sababu yake, chini ya leseni huria. Ukilipandisha mtandaoni, nitalijaribu kwenye nakala ya katalogi yetu na kukuletea rekodi zilizounganishwa kimakosa.