Mume wangu halali na wala hachoki

Daktari, mume wangu anauza vitenge Kariakoo. Mwaka jana alijifungia ndani miezi miwili, akisema heri afe. Sasa ni wiki ya pili analala kwa saa mbili tu, saa tisa usiku anapigia wateja simu, na amekopa akanunua bajaji tatu. Ndugu zake wanasema karogwa. Mama Z, Mbagala

Pole sana, dada. Unayoeleza yanafanana na baipola: mtu yuleyule huzama kwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kisha hupanda kupita kiasi. Furaha ya namna hii isikudanganye, ni ugonjwa, na kungoja ipite ni hatari. Mpeleke hospitali ya Temeke, kisha wakiona haja watawapa rufaa Muhimbili, kwenye idara ya magonjwa ya akili.

Nakusihi, mweleze daktari vipindi vyote viwili. Wagonjwa wengi huja wakiwa chini, wakataja huzuni peke yake, wakaandikiwa dawa ya sonona. Kwa mwenye baipola, dawa hiyo bila dawa nyingine ya kutuliza hali inaweza kumpandisha tena. Laiti kila ndugu anayemsindikiza mgonjwa angelijua hili. Wanaotaka kumwombea wamwombee, ila dawa asikose. Na mkiweza kukubaliana, laini yake ya miamala ikae kwako kwa sasa.

Nina siku nane na fluoksetini, dawa ya sonona, sioni nafuu. Niache?

Usiache. Nafuu huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, ila kichefuchefu hutangulia. Ukishapona, endelea miezi sita au zaidi, halafu daktari akupunguzie polepole. Mawazo ya kujiua yakizidi, hasa kama una umri chini ya miaka 25, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Natumia lithiamu na nafanya kazi juani. Kuna shida?

Ipo. Lithiamu inatibu baipola tangu John Cade alipoandika habari zake huko Australia mwaka 1949, na bado ni dawa nzuri mno, lakini kiasi kinachotibu kiko karibu na kiasi kinachodhuru. Jasho la Dar likikukausha, dawa hujazana mwilini. Kunywa maji, usiache chumvi ghafla, na usinunue dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila kuuliza. Mikono ikitetemeka sana, ukiharisha, ukiyumba, nenda ukapimwe damu. Hata ukiwa mzima, kipimo hicho kina ratiba yake, pamoja na figo na tezi ya shingo.

Rafiki yangu anasema amechoka kuishi. Nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitampa wazo?

Hapana. Muulize wazi, umsikilize bila kumkemea. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa sumu ya panya na vidonge vilivyomo ndani, kisha mkodi bajaji muende hospitali iliyo karibu usiku huohuo.